Kamera ya Joto na Ufundishaji wa Sayansi katika Shule ya Msingi

Joto ni miongoni mwa mambo ambayo mtoto huyajua kabla hajaingia darasani. Amekwisha kuondoa mkono haraka kwenye mfuniko wa sufuria, na hapa Mwanza amekwisha kukalia jiwe saa za magharibi akahisi kwamba lingali na joto la mchana ilhali upepo wa ziwa umekwisha kupoa. Lakini afikapo darasani, aghalabu hukuta joto limegeuzwa kuwa maneno matatu ya kukariri: mpitisho, myuko na mnunurisho. Akiyataja sawasawa hupewa alama zake, wala haulizwi maneno hayo yana kazi gani nje ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi chombo kimoja cha mafundi, yaani kamera ya joto, kinavyoweza kumsaidia mwalimu kuyarudisha maneno hayo katika maisha, hata kama shule yake haina chombo hicho wala haitazamii kukipata.

Naishi Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Ni mahali panapojengwa kwa kasi, na penye ujenzi hapakosi mafundi. Zamani fundi umeme alitambulikana kwa bisibisi na testa yake, na fundi bomba kwa spana na msumeno wa chuma. Siku hizi wako wachache miongoni mwao wanaokuja na kidude kinachofanana na simu, wakakielekeza ukutani au kwenye mainswichi, na kwenye kioo chake ikatokea picha ya rangi: zambarau mahali palipopoa, njano na nyeupe mahali penye joto. Watu husimama kutazama, na wengi huondoka wakiamini kwamba kidude kile huona ndani ya ukuta.

Sivyo. Kila kitu, kiwe jiwe, maji au mwili wa mtu, hutoa miali ambayo macho yetu hayawezi kuiona, na kadiri kitu kinavyozidi kuwa na joto ndivyo miali hiyo inavyozidi. Huo ndio mnunurisho. Miali ya namna hii iligunduliwa mwaka 1800 na William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyefanya kazi Uingereza. Alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi, kisha akaweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote. Kipimajoto kikapanda zaidi. Kamera ya joto hufanya kazi hiyo hiyo mara nyingi kwa wakati mmoja. Ile yenye safu 120 za vitone 160 hupima mahali 19,200 katika picha moja. Lakini hupima uso wa kitu tu. Kilichomo nyuma ya uso huo fundi hana budi kukitambua kwa akili yake.

Jambo hilo nililiona wazi katika shule moja ya jirani, ambako taa za ofisi zilikuwa zikififia na kurudi, na harufu ya kuungua ilisikika mara kwa mara. Fundi alipofika hakuanza kwa kupiga picha. Aliomba taa zote na mashine ya kudurufu ziwashwe, kisha akangoja karibu nusu saa. "Waya usiopitisha umeme hauna la kusema," alimweleza mwalimu mkuu. Ndipo akafungua kifuniko cha mainswichi, akasimama mbali kidogo na kuelekeza kamera. Nyaya zote zilikuwa na rangi moja isipokuwa mmoja, ambao ncha yake iling'aa, na mng'ao ule ukafifia taratibu kadiri waya ulivyokwenda mbali na skrubu.

Watoto walikuwa wamejazana dirishani. Binti mmoja akauliza, "Shikamoo. Kamera imeuona umeme?"

Fundi akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeme haikuuona. Imeona joto la hapo juu tu. Sasa nazima, nifungue, nijue kwa nini."

Ndugu mwalimu mwanafunzi, tafakari jibu lile, kwa maana ndani yake mna somo zima la sayansi. Fundi alitenga mambo mawili: lile aliloliona, na lile alilolidhania. Laiti waya wote ungekuwa na joto sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, angedhani kwamba umebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi chake. Kwa kuwa joto lilikuwa kali penye skrubu na kupungua kwa mpitisho kadiri waya ulivyokwenda mbali, alidhani kiungo kimelegea. Hata hivyo hakuridhika na dhana. Alizima umeme, akahakikisha kwa testa kwamba haumo, akaijaribu skrubu kwa bisibisi. Ilikuwa imelegea kweli. Aliikata ncha ya waya iliyoungua, akaiunga upya na kuikaza, kisha akawasha vyote na kupiga picha ya pili ili kuona kama dalili imetoweka. "Kumbe moto ulikuwa unatungoja," alisema mwalimu mkuu.

Hesabu ya hatari ile yaweza kufanywa na wanafunzi wa madarasa ya juu. Kiungo kilicholegea huongeza ukinzani. Tuseme ukinzani huo ni omu 0.1 tu. Joto linalozalishwa kwa kila sekunde hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Mkondo ukiwa ampea 5, pana wati 2.5; ukiwa ampea 10, wati 10; ukiwa ampea 20, wati 40. Mkondo umeongezeka mara nne, na joto limeongezeka mara kumi na sita, nalo lote limekusanyika mahali padogo kama punje ya hindi. Ndiyo sababu kiungo kibovu chaweza kukaa miezi mingi bila kujulikana, kisha kikawaka siku ile pasi, birika na jiko la umeme vinapotumiwa pamoja.

Lakini kamera hiyo hiyo yaweza kumpotosha asiyeijua. Chuma kinachong'aa hunururisha joto kidogo sana. Sufuria ya alumini iliyosuguliwa vizuri, ikijazwa maji ya moto, hutoa yapata sehemu 1 kati ya 10 ya miali inayotolewa na sufuria yenye masizi, ijapokuwa joto lao ni moja. Kamera ikielekezwa kwenye sufuria ile inayong'aa huonyesha kwamba imepoa, na kumbe inaakisi tu joto la vitu vilivyo mbele yake, kama kioo. Bati jipya likipigwa picha usiku usio na mawingu huonekana baridi mno, kwa kuwa linaakisi anga. Fundi mwenye ujuzi, umeme ukiwa umezimwa, hubandika kipande cha utepe mweusi juu ya chuma, ndipo baadaye akapima joto la utepe.

Kwa upande wa mabomba hali ni hiyo hiyo. Bomba la maji ya moto litokalo kwenye hita ya jua iliyo juu ya paa huonekana kama mstari ukutani, na likivuja, mstari huo hutanuka ukawa doa. Bomba la maji baridi ni gumu zaidi, maana joto la maji hayo halitofautiani sana na la ukuta. Hapo fundi hutegemea jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa mtungi. Maji yanayopenya hadi nje ya udongo huvukiza, na kila yanapovukiza huchukua joto, hivyo mtungi hupoa. Ukuta uliolowa hupoa vivyo hivyo, ukaonekana kama doa la zambarau. Lakini doa hilo halisemi kama maji yametoka katika bomba, katika paa au ardhini. Fundi hufunga koki zote na kutazama mita: ikiendelea kuzunguka, pana mahali panapovuja.

Sasa tuingie darasani. Somo la kwanza ni la mtungi. Tafuta vipimajoto viwili, kimoja ukizungushie kitambaa kilicholowa, kingine ukiache kikavu, na viweke penye upepo. Wanafunzi waandike kila baada ya dakika mbili wanachosoma, kisha warudie siku ya mvua na kueleza kwa nini tofauti imepungua. Somo la pili ni la makopo mawili ya ukubwa mmoja, moja likiwa linang'aa na jingine limepakwa masizi. Mwalimu mwenyewe ayajaze maji ya moto kwa kipimo kimoja na kuyafunika. Wanafunzi waonyeshe kwa vipimo ni lipi linalopoa upesi. Litakuwa lile jeusi, na mnunurisho utakuwa umepata maana.

Katika somo la tatu wapime maji yanayochemka. Kitabu husema nyuzi 100 za Selsiasi. Ziwa Victoria liko yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 96. Mwanafunzi atakayeandika 96 asisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Aulizwe kama kipimajoto ni kibovu, au kitabu kimekosea, au pana sababu nyingine, na atawezaje kujua.

Yafaa tukumbuke habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa katika friji ungali moto uliganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Aliposema hivyo alichekwa. Hakuacha kuuliza, na baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye aliamua kulipima jambo lile badala ya kulikataa. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana kuhusu jambo lenyewe na sababu zake, wala hilo halipunguzi sifa ya swali lake.

Waalimu wenzangu wengine husema mambo haya ni ya shule za ufundi, na kwamba mtoto wa msingi atayakuta mbele akichagua mkondo wa amali. Naona ni kuchelewa. Mtoto wa Buhongwa analala leo katika nyumba yenye nyaya, na huenda akawa wa kwanza kunusa harufu ya kuungua. Afundishwe dalili zake: soketi iliyobadilika rangi, swichi yenye joto, mlio wa kukwaruza, taa inayofifia. Afundishwe pia kwamba asiguse wala kufungua, bali amwite mtu mzima, na mtu mzima amwite fundi. Mwalimu naye asimkemee mtoto aletaye habari hizo kwa kudhani anatafuta sababu ya kutoka darasani. Amwulize aliona nini, wapi, na saa ngapi, kisha aende kutazama.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu si mvua. Rangi katika kamera ya joto ni wingu la namna hiyo, na alama za mtihani nazo ni hivyo hivyo. Wastani wa darasa waweza kuonekana mzuri ukamficha mtoto mmoja asiyejua kusoma, kama vile picha iliyopigwa kutoka mbali inavyochanganya joto la skrubu moja na la ubao mzima. Kwa hiyo utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, usiulize tu jibu la mwanafunzi ni lipi. Mwulize ameona nini, amedhani nini, na atafanya jaribio gani ili ajue kama amedhani sawasawa.