Mtoto akisema mashine ya gemu imejaa, msikilize kwanza

Ugomvi ulianza Jumamosi jioni katika nyumba moja ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam. Binti wa miaka minane aliwasha PlayStation 4 ya kaka yake, akakuta gemu yake ya magari haipo. Kaka yake, mwenye miaka 13, alikuwa ameifuta ili apate nafasi ya gemu mpya ya mpira. Binti alilia mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Mama yao, muuguzi anayefanya kazi kwa zamu na anayewalea peke yake tangu mumewe alipofariki dunia mwaka 2019, alichomoa waya, akaiweka mashine juu ya kabati na kutangaza kuwa hakuna gemu wiki nzima.

"Lakini mama, imejaa," kijana alijitetea.

"Ikijaa ndiyo ujue mnacheza kupita kiasi," alijibiwa.

Kwa mama huyo, mashine kujaa ilikuwa neema. Aliona ni kama breki iliyojileta yenyewe. Hakuona sababu ya kutoa hata shilingi kuongeza nafasi ya michezo wakati ada ya muhula ilikuwa haijakamilika.

Wiki hiyohiyo aliitwa shuleni. Mwalimu wa darasa alimweleza kuwa kijana husinzia vipindi vya asubuhi, na hali hiyo ilikuwa na zaidi ya mwezi. Mama aliporudi nyumbani alijizuia kufoka. Alikaa naye mezani, akamuuliza taratibu usiku huwa anafanya nini.

Kijana alieleza. Mashine yao ina nafasi ya GB 500, na si zote zinazobaki kwa mchezaji kwa kuwa mfumo wa mashine nao huchukua sehemu yake. Gemu moja kubwa ya siku hizi inaweza kuchukua GB 50, na zipo zinazozidi 100. Hata ukinunua CD, gemu lazima ijipakie ndani ya mashine kwanza. Zikiingia chache tu, nafasi imekwisha.

Kwa hiyo akitaka moja, anafuta nyingine. Akiitaka tena ile aliyoifuta, anaishusha upya. Bando la mchana ni ghali, hivyo alikuwa akisubiri saa sita usiku, anawasha intaneti kwenye simu ya zamani ya mama na kukaa macho akilinda isikatike. Siku nyingine alilala saa tisa, na saa kumi na moja alitakiwa kuamka kuwahi daladala.

Mama alinyamaza. Kazini kwake kila siku huwaeleza wazazi kuwa kijana wa umri huo anahitaji kulala saa nane hadi 10. Wa kwake alikuwa akilala saa mbili, na ile aliyoiita breki ndiyo iliyokuwa ikimkesha.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Kariakoo pamoja. Walimkuta fundi wa kompyuta akiwa na kibanda kidogo kilichojaa vifaa. Baada ya salamu, mama alimweleza shida yake na bajeti yake, ambayo haikuwa kubwa.

Fundi aliwaambia kuwa tangu Machi 2017, PlayStation 4 inakubali diski ya nje, ile ambayo wengi huiita eksteno. Inatakiwa iwe ya USB 3.0, ukubwa usiopungua GB 250 na usiozidi TB 8, na ichomekwe kwenye mashine moja kwa moja. Gemu zinahamia huko na kuchezwa kutoka hukohuko, huku hatua alizofikia mchezaji zikibaki ndani ya mashine.

Aliwaonya pia kuhusu diski na flashi zilizoandikwa TB 2 zikiuzwa kwa bei ya chipsi kuku. Nyingi ni za bandia. Zinaonyesha ukubwa zisio nao, na zikishajaa zinaanza kuharibu ulichokihifadhi.

Kisha akauliza, "Mama, nyumbani hakuna laptopu iliyokufa?"

Ilikuwepo. Laptopu ya marehemu ilizima mwaka mmoja baada ya msiba na haikuwaka tena. Fundi alimweleza kuwa mara nyingi laptopu hufa huku diski yake ikiwa nzima. Ukiitoa na kuiweka kwenye kasha dogo la USB, umepata diski ya nje kwa bei ya kasha tu. Mama alilipa shilingi 20,000, na jioni ileile kijana alifungua laptopu kwa bisibisi, akafuata maelekezo ya fundi. Diski ilikuwa ya GB 500.

Usiku huo mama alikuwa zamu, na shangazi wa watoto ndiye aliyelala nao. Saa mbili na nusu simu yake iliita wodini.

"Mama, nimechomeka. Imeandika kwamba kila kilichomo kwenye diski kitafutwa, kisha inauliza kama niendelee. Nimekumbuka hii ilikuwa ya baba."

Ni kweli. PlayStation 4 haiwezi kutumia diski ya nje kuweka gemu mpaka iifomati kwanza, na kufomati huko huondoa kila kitu. Onyo hilo huja kwa Kiingereza, na kijana mwenye haraka ya kucheza hulipita kwa kubonyeza kitufe kimoja.

"Usibonyeze kitu, mwanangu," mama alisema. "Zima mashine, kisha uichomoe."

Kwa miaka minne alikuwa akiamini kuwa picha zote za mumewe zilikufa na laptopu ile. Alikuwa ameshazililia na kuzizika.

Kesho yake shangazi, dada wa marehemu, alifungua laptopu yake mwenyewe, wakaichomeka diski. Ilifunguka. Zilikuwemo picha za harusi, risiti za kodi ya nyumba, na video fupi ya baba akikimbia nyuma ya baiskeli, ameshika kiti, akimwambia bintiye wa miaka mitatu, "Kanyaga, nimekushika."

Binti aliitazama mara mbili, akageuka. "Hiyo ndiyo sauti ya baba?"

Hakuwa akiikumbuka. Shangazi alitoka nje. Mama alibaki, akairudisha video mwanzo.

Siku hiyo walinakili kila kitu sehemu mbili, kwenye laptopu ya shangazi na kwenye flashi iliyonunuliwa dukani kwa risiti. Baada ya hapo diski ingeweza kufomatiwa bila hasara, lakini kijana mwenyewe alisema atasubiri. Mwisho wa mwezi mama alirudi kwa fundi, akanunua diski iliyotumika ambayo fundi aliipima mbele yao. Waliiweka kwenye kasha lile lile.

Gemu ya magari ya binti ilirudi, na sasa hakuna anayefuta ya mwenzake. Kijana hashushi tena kitu kilekile mara tatu. Lakini mama hakuiachia diski kazi ya malezi. Siku za shule mashine inazimwa saa tatu usiku, na simu ya zamani inalala chumbani kwake.

Kwa mzazi ambaye mwanawe anaomba aongezewe nafasi, jambo la kwanza ni kumwambia akuonyeshe kilichojaa na anachokifuta kila mara. La pili ni kujua kilichomo ndani ya diski au flashi yoyote ya nyumbani kabla haijachomekwa kwenye mashine. Mama huyo anasema kilichomwokoa si ujuzi wa kompyuta. Anaamini kuwa kama siku ya kuitwa shuleni angefoka, usiku ule simu isingeita wodini.

Diski ya baba imerudi kabatini, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Juu yake kijana ameandika kwa kalamu ya wino mzito: USIFOMATI.