Kasapa, Kolwezi ao Kitwe: tulienda kuona kwa macho yetu



Matokeo ya Egzamen ya Leta yalipotoka, binti wa mwenzetu mmoja alimwagiwa poda kichwani, majirani wakaimba mpaka usiku. Alikuwa amemaliza masomo ya sayansi. Kesho yake akasema: "Mimi nataka politekniki. Nataka kuwa enjenyeri wa madini."

Hapo maneno yakaanza. Baba mdogo alitaka aende Kinshasa. Shangazi yake wa Kolwezi alisema, "Mumulete kwangu." Jirani alisema Zambia, maana huko atapata na Kiingereza. Mama yake alituambia neno moja tu: "Pesa ni ya likelemba yetu, na haitoki mara mbili. Munisaidie kuchagua."

Kinshasa tuliiweka pembeni mapema. Ni zaidi ya kilometa 1,500, na mtu wa Lubumbashi huenda kwa ndege. Mtoto akiugua, mama hawezi kupanda basi jioni na kufika asubuhi. Zilibaki njia tatu. Mama prezidenti wetu akasema, "Basi twende tuone."

Tulianza na Kasapa, kwa sababu ni kwetu. Wengi wetu tunapita barabara ile kila wiki bila kuingia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza miaka ya 1950, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, na politekniki yake inafundisha madini, metalurjia, kemia ya viwanda na elektromekaniki. Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na bomba la moshi la Gécamines pamoja na mlima wa takataka zake bado vinaonekana toka mbali. Mtoto wa hapa anayesoma madini anasoma kitu alichokiona tangu anabebwa mgongoni.

Tuliuliza minervali, tukauliza silabusi, tukauliza staje. Kisha tukakaa chini ya mti na msichana mmoja wa mwaka wa pili. Tulimwambia, "Wewe una bahati, unalala kwenu, unakula bukari ya mama." Akacheka kidogo. "Ndiyo, mama. Lakini nikifika nyumbani kuna maji ya kuchota, kuna wadogo wa kuogesha, kuna chakula cha jioni. Kitabu nafungua saa nne ya usiku, kama umeme uko. Kaka yangu anasoma hapa pia. Yeye anafungua saa kumi na moja ya jioni."

Hatukujibu kitu. Tulirudi na neno lile ndani ya takisi-bisi.

Wiki iliyofuata tulienda Kolwezi, kilometa kama 300. Unapita Likasi, halafu Fungurume, malori ya madini yanakuja mbele na nyuma, vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba, kwa hiyo tulikuwa tumetoka katika provensi yetu. Chuo chao kilianza kama tawi la Lubumbashi. Uzuri wake ni kwamba migodi iko karibu sana, mingine inagusa nyumba za watu. Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inatoka upande ule. Kwa staje, ni pazuri. Lakini shangazi alitueleza ukweli: nyumba yake ina vyumba viwili na watu saba, na chumba cha kupanga kina bei kwa sababu wafanyakazi wa migodi ni wengi. Binti angelala sebuleni, tena angekuwa mgeni anayeona haya kukataa akitumwa.

Safari ya tatu tulifuatana na mwenzetu anayenunua bidhaa Zambia. Kasumbalesa iko karibu kilometa 90 toka mjini. Mulio na biashara munajua foleni ya malori pale. Ukishavuka unapita Chililabombwe na Chingola mpaka Kitwe, ambako kuna Chuo Kikuu cha Copperbelt, kilichoanzishwa mwaka 1987, nacho kinafundisha uenjenyeri na madini. Sokoni tulisikia Kibemba kama cha nyumbani, tukajisikia vizuri. Lakini darasani ni Kiingereza, na binti yetu amesoma kwa Kifaransa tangu alipoanza shule. Sisi tulio walimu tunajua fizikia ni ngumu hata katika lugha unayoijua. Tena kuna karo ya mwanafunzi wa kigeni, pasipoti, na ruhusa ya kukaa.

Tuliporudi tulikaa wote, na binti mwenyewe katikati. Tulimwambia aseme kwanza. Alisema: "Nataka kuanza Kasapa. Lakini naogopa nyumbani."

Bamama, neno hilo lilituchoma. Tulikuwa tumehesabu kila kitu cha Kolwezi na Kitwe: basi, chumba, chakula, makaratasi. Kwa nyumbani tuliandika sifuri. Kumbe nyumbani si bure. Anayelipa ni mtoto, tena analipa kwa saa zake za kusoma. Na mara nyingi ni binti.

Tukakubaliana hivi. Ataanza Kasapa, miaka 3 ya licence. Miaka 2 ya master, akiwa amekomaa na ameweka pesa kidogo, anaweza kutazama Kolwezi ao ng'ambo, na Kiingereza ataanza kujifunza sasa pole pole. Pesa tuliyookoa kwa kutopanga chumba, sehemu yake inanunua taa ya sola na meza. Maji yatachotwa na kaka zake wawili. Kuanzia saa kumi na moja ya jioni hatumwi na mtu yeyote, hata mgeni akija. Mama yake aliapa mbele yetu, na baba yake pia.

Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake anachagua mwaka huu, usiulize minervali peke yake. Uliza atalala wapi, atasoma kwa lugha gani, staje atafanya wapi, na wewe utamfikia kwa siku ngapi akiugua. Ukichagua nyumbani, uliza tena: saa zake za kusoma ni zipi, na nani atazilinda?

Juzi tulipita kwao jioni. Kaka mdogo alikuwa anarudi na bidoni mbili, amenuna. Binti alikuwa mezani. Hakuinuka kutusalimia, alipunga mkono tu. Mama yake alitaka kumkemea. Tulimzuia.