Bigijii isiyo na sukari na sikio la mwanangu

Leo naweka mbolea na viwavijeshi pembeni, nieleze kosa langu mwenyewe.

Mwanangu alipokuwa na miaka sita alisumbuliwa na sikio kila akipata mafua. Nikasikia kwamba bigijii zenye zailitoli, utamu unaotumika badala ya sukari, husaidia masikio ya watoto. Nikavutiwa zaidi kujua kwamba zailitoli hutengenezwa hata kwa magunzi ya mahindi, haya tunayochomea jikoni. Nikamnunulia. Lakini wakati huo sikio lilikuwa tayari linatoa usaha, na mimi nikakaa wiki mbili nikingoja bigijii ifanye kazi.

Mwalimu wake ndiye aliyenishtua: "Baba, huyu mtoto nikimwita hasikii."

Tulikwenda zahanati siku hiyohiyo. Tabibu alinifundisha kukausha sikio kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, akatupa dawa ya matone. Mtoto alipona, nami nikabaki na aibu.

Baadaye nikasoma vizuri. Utafiti wenyewe ulifanyika Oulu, Ufini, chini ya daktari Matti Uhari, ukachapishwa mwaka 1996. Watoto 306 walitafuna bigijii mara 5 kwa siku kwa miezi 2, wakiwa wazima. Kwa wale wa bigijii ya sukari, watoto kama 21 katika kila 100 waliugua sikio. Kwa wale wa zailitoli, kama 12. Zailitoli huzuia bakteria wanaotoka puani na kooni kwenda sikioni wasizaliane. Lakini mwaka 2002 watafiti hao walipoijaribu kwa watoto waliokwisha kushikwa na mafua, haikusaidia.

Mkulima wa nyanya atanielewa haraka. Kuna dawa ya ukungu unayopulizia kabla jani halijashikwa. Jani likishaoza, unapoteza hela. Bigijii hii ni kinga, si tiba.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Sikio linalouma au kutoa usaha ni la zahanati. Usimimine mafuta wala maji ya majani.

2. Mwenye duka, usiiuze kama dawa ya sikio. Tena si kila bigijii isiyo na sukari ina zailitoli. Tazama kama pakiti imeandikwa xylitol.

3. Mtoto mdogo asiyejua kutafuna asipewe, itamkaba. Ikizidi, huharisha.

4. Mbwa asiionje kabisa. Zailitoli humshusha sukari mwilini na kuharibu ini, inaweza kumuua.

Mwanangu sasa anasikia vizuri. Zile wiki mbili, hata hivyo, sikupaswa kumcheleweshea. Wako asicheleweshwe.