Imepigwa Dawa Lini?

Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Naam, ni kweli. Lakini wahenga hao hawakuwahi kusimama sokoni na shilingi 100 mkononi, kulia kwao sukuma wiki ya shilingi 20, kushoto nyingine ya shilingi 50 yenye kipande cha katoni kilichoandikwa "HAINA DAWA". Ndugu msomaji, wewe ungechukua ipi?

Swali hili liliingia kwetu nyumbani mwaka jana likakaa kama mgeni asiyeaga. Aliyelileta ni kitinda mimba wetu. Alipofikisha miezi sita, muuguzi wa kliniki alimwambia mama aanze kumpondea vyakula: malenge, viazi na mboga za majani. Mama alifurahi. Lakini pale kwenye benchi, akina mama wenzake wakamjaza hofu. Huyu alisema nyanya za siku hizi ni sumu tupu. Yule alisema sukuma hupigwa dawa jioni ikauzwa asubuhi. Mama alirudi nyumbani amekunja uso, akatangaza: "Kuanzia leo mtoto huyu haonji jani la sokoni."

Ikawa hivyo. Kwa majuma mawili mtoto alikula viazi na uji, uji na viazi. Mama akapendekeza tununue kila kitu katika soko la kilimo hai linalofanyika mjini kila Jumamosi. Baba, ambaye ni mtu wa hesabu, alichukua kalamu. Bajeti yetu ya mboga na matunda ilikuwa Sh 700 kwa wiki. Kwa bei za soko lile, kapu lilelile lingefika karibu Sh 1,500. "Mama watoto," akasema taratibu, "hiyo tofauti ni karo." Mama hakujibu. Alimwangalia mtoto tu.

Mimi ndimi kifungua mimba, na somo la Kilimo nalipenda. Nikajifunga kibwebwe niutafute ukweli. Kuuliza si ujinga.

Likizo ya Agosti ilinikuta kwa mjomba, Kirinyaga, ambako watu hulima nyanya kama wengine wanavyolima mahindi. (Nazungumzia nyanya za kula, si mamaye mama, ambaye pia yuko huko na anawasalimu!) Mjomba alinieleza taabu za zao hili. Mvua ikinyesha, blaiti huyakausha majani kana kwamba yamepitiwa na moto. Jua likiwaka, huja kidudu kiitwacho Tuta, ambacho kiligunduliwa nchini mwetu mwaka 2014. Kiwavi chake huingia ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe. Kwa hiyo mkulima hupiga dawa, akapiga tena.

Nilichukua chupa moja tupu nikasoma karatasi yake. Chini palikuwa na mstari wa rangi. Rangi hizo ni lugha: nyekundu ni hatari kubwa kabisa, kisha njano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Palikuwa na namba ya usajili wa serikali. Halafu nikaona tarakimu nyingine.

"Mjomba, hii saba ni ya nini?"

"Hizo ni siku. Ukipiga leo, usichume mpaka siku saba ziishe. Kila dawa ina siku zake."

"Na watu hungoja?"

"Mimi hungoja," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "nikiweza. Unajua, mpwa wangu, broka akija na lori Jumatano na bei ni nzuri, ukimwambia arudi Jumamosi, hiyo Jumamosi atakuwa kwa jirani."

Nilipozunguka nyuma ya jikoni, nikaona mstari mmoja wa nyanya uliojitenga. Zilikuwa ndogo ndogo, nyingine zimetobolewa. Nikauliza kwa nini hizo hazifanani na zile za shambani.

"Hizo hazipigwi dawa," mjomba akasema. "Ni za watoto."

Tulitazamana. Hakuna aliyeongeza neno.

Tafadhali, msomaji, usikimbilie kumlaumu mjomba wangu. Nyanya za lori ndizo zinazowasomesha binamu zangu. Tena kama kuna mtu anayekula dawa kutushinda sisi wote, ni yeye. Hubeba bomba la lita 20 mgongoni, kitambaa mdomoni, miguu ndani ya ndara. Jioni ya siku ya kupiga dawa kichwa humuuma na ngozi humwasha. Sisi twaogopa mabaki yaliyosalia juu ya tunda. Yeye hupata ile yenyewe, mbichi, ikipeperushwa na upepo usoni pake.

Sasa hebu tuulizane: kilimo hai ni nini hasa? Ni kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani. Mkulima hutegemea samadi, mboji, kubadilisha mazao shambani, na wadudu wanaokula wadudu wenzao. Lakini hapa wengi hupotoka. Wao hudhani kilimo hai ni kutopiga dawa kabisa. La hasha! Baadhi ya dawa zitokanazo na mimea huruhusiwa, kwa mfano pareto na mwarobaini. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao hayo tangu mwaka 2007, pamoja na alama iitwayo Kilimohai. Mwenye alama hiyo amekaguliwa. Mwenye katoni na kalamu ya wino amejikagua mwenyewe.

Je, chakula hicho kina lishe zaidi? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa kuhusu jambo hili. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba mazao ya kilimo hai yana lishe kubwa kushinda mengine. Walichokipata ni kwamba mazao hayo hayakuelekea sana kuwa na mabaki ya dawa. Kwa ufupi, ukilipa zile shilingi 30 za ziada, hununui vitamini. Unanunua upungufu wa dawa, na unamnunulia mkulima hewa safi.

Basi ikiwa pesa hazitoshi kununua kila kitu huko, zitumike wapi? Baada ya kukaa na mjomba, kuuliza sokoni na kusoma, nilipata maswali mawili. Nawapa bure.

Swali la kwanza: je, ninachokula ndicho kilichokutana na dawa? Ndizi ina ganda, nasi hatuli ganda. Vivyo hivyo parachichi, nanasi na matunda ya pasheni. Hindi bichi limevaa makoti. Kitunguu maji humenywa. Viazi vitamu na mihogo hukaa chini ya udongo, tena kwa kawaida hazipigwi dawa nyingi. Lakini jani la sukuma, spinachi, nyanya na pilipili hoho hatuvimenyi. Palipotua dawa ndipo tunapotia jino.

Swali la pili: je, zao hili huvunwa mara moja au kila wiki? Hili sikulisoma mahali, nililiona kwa macho yangu kwa mjomba. Kabeji, viazi na vitunguu huvunwa mara moja tu. Mkulima aweza kuacha kupiga dawa mapema, akangoja. Lakini nyanya, sukuma, hoho na mishiri huchumwa leo, keshokutwa na wiki ijayo. Wadudu nao hawaendi likizo. Siku ya dawa na siku ya kuchuma hukaribiana mno, na zile siku saba ndipo zinapoliwa.

Zao likijibu vibaya maswali yote mawili, hapo ndipo pa kuongeza pesa ukiwa nazo. Likijibu vizuri hata moja, nunua kwa mama mboga wako bila kukosa usingizi. Kwa hiyo, wenzangu mnaoisema vibaya kabeji ya hapa shuleni, jueni ina sifa mbili: huvunwa mara moja, na majani yake ya nje hutupwa. Kuhusu ladha yake sina la kuitetea.

Tusisahau mboga zetu za kienyeji. Managu, terere, saga na kunde mara nyingi hazipigwi dawa nyingi kama nyanya, na bei yake haitishi. Tuulize tu zilinyweshwa maji gani, maana mboga iliyonyweshwa maji taka haisafishwi na jina zuri.

Kuosha je? Kuosha husaidia. Maji yanayotiririka, mkono ukisugua, huondoa vumbi, vijidudu na sehemu ya dawa iliyokaa juu. Ule unga mweupe juu ya nyanya, ambao wengi wetu tumewahi kuuona, hupungua hivyo. Lakini ziko dawa ambazo mmea huzinywa zikaingia kwenye utomvu wake. Hizo hata ukiosha hadi jua litue hazitoki. Ndiyo maana siku za kungoja zikawekwa, ili dawa ipungue yenyewe. Pia mboga ya kilimo hai huoshwa vilevile, kwa kuwa samadi haina manukato wala haikosi vijidudu.

Tena msidanganywe na macho. Wako wasemao jani lenye matundu ni salama kwa kuwa mdudu amelionja. Mdudu aliyetoboa jani Jumatatu huenda ndiye aliyefanya lipigwe dawa Jumanne! Na mjuavyo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nilirudi nyumbani na maswali yangu mawili, tukaketi mezani, mama, baba na mimi. Nilianza na jambo kubwa kabisa: kumnyima mtoto mboga ni hasara ya hakika, ilhali mabaki ya dawa ni hasara ya labda. Mtoto anahitaji vitamini A ya majani yale leo, si siku tutakapotajirika. Mama alinisikiliza, kisha akauliza, "Na mjomba wako huwapa watoto wake zipi?"

Nilimwambia ukweli.

Akanyamaza kidogo. "Basi nasi tutakuwa na mstari wetu," akasema.

Hatuna shamba, ila tuna kibaraza na magunia. Tulijaza gunia udongo na samadi, katikati tukaweka mawe ya kupitishia maji, ubavuni tukatoboa mashimo, tukapanda miche 30 ya sukuma. Vidukari vilikuja, tukavifuta kwa vidole na maji. Baada ya majuma sita hivi tukaanza kuchuma. Pesa zilizokuwa za sukuma sasa hununua nyanya za kilimo hai kila Jumamosi, chache, za sufuria ya mtoto kwanza. Ndizi, maparachichi, vitunguu, kabeji na viazi twanunua kibandani kama zamani. Hoho tumeipunguza. Bajeti ni ileile Sh 700, na baba hajaitafuta kalamu tena. Mtoto naye hula sukuma iliyopondwa hadi kwenye masikio.

Lakini si kila mtu ana kibaraza, na gunia letu halijamwondolea mjomba bomba mgongoni. Hapo ndipo ninapowaombeni jambo, wenzangu na walimu wangu.

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua kwa ukali zaidi mishiri na minji ya maganda kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa. Wakulima na wauzaji walilazimika kubadilika, kwa maana mnunuzi aliuliza. Sukuma ya kwetu, ambayo huliwa usiku huohuo, ni nani aliyeiulizia? Mzungu ana maabara. Sisi tuna mdomo, na mdomo haulipiwi.

Kwa hiyo ukitumwa sokoni, usiulize bei peke yake. Mwambie mama mboga kwa heshima: "Shikamoo mama. Hii imetoka wapi? Imepigwa dawa lini?" Huenda siku ya kwanza akacheka. Wa kwetu alicheka. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kumuuliza anayemletea, na sasa huniambia mwenyewe, "Leo chukua kabeji, hii sukuma siijui vizuri." Wateja 40 wakiuliza, broka ataulizwa. Broka akiulizwa, atangoja hadi Jumamosi. Na broka akikubali kungoja, mjomba wangu ataweza kungoja pia.