Tulivyopanda Mlima wa Mawe: Safari Yetu ya Great Zimbabwe

Wengi wenu mlitusimamisha pale kwenye bomba la maji mkiuliza: "Mulienda wapi na ile basi?" Basi jibu ni hili. Wakati wa likizo ya Agosti, familia tisa za hapa kambini Tongogara tulikwenda kuona Great Zimbabwe, ule mji wa kale wenye ngome juu ya mlima, karibu na Masvingo. Tunaandika ili na ninyi mliobaki mpande pamoja nasi.

Tuliondoka kabla ya jogoo kuwika. Karatasi za ruhusa zilikuwa mkononi mwa kiongozi wa msafara, mihogo ya kuchemsha na karanga zilikuwa vikapuni mwa akina mama. Tulivuka mto Save kwenye daraja la Birchenough, lile la chuma lililojengwa mwaka 1935, na watoto wakapiga kelele kama tumeshafika Ulaya. Baada ya hapo ni mibuyu, vilima, na usingizi.

Kufika pale, mtembezaji wetu alituonyesha mlima. Ni mwamba mtupu, kama mita 80 kwenda juu, na kileleni kuta zimeshikana na majabali hadi hujui ni wapi Mungu aliishia na mtu akaanzia. Njia ya zamani ni nyembamba kweli. Kuna mahali unapita mmoja mmoja, bega huku jiwe, bega huku jiwe. Akina mama wenye watoto mgongoni walipita kiubavu. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye mguu mbaya, tukamwambia, "Papa, ungoje chini kivulini." Akakataa. "Nilitoka milima ya Fizi kwa miguu mpaka ziwani, usiku, na mtoto begani," akasema. "Hapa hakuna anayenifukuza. Nitapanda polepole." Na alipanda.

Juu kuna upepo. Ukitazama bondeni unaona ule ukuta mkubwa wa duara, kama ungo uliowekwa kwenye majani. Mzunguko wake ni kama mita 250, na mahali pengine urefu wake unafika mita 11. Kuta hizi zilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Hakuna saruji, hakuna hata udongo wa kushikilia. Mwamba wa hapa hupata joto mchana na baridi usiku, ukapasuka kwa mabamba. Watu waliusaidia kwa moto na maji, wakachonga vipande, wakavipanga kimoja juu ya kingine. Jiwe linashikwa na uzito wa jirani yake tu.

Sisi tuliokuwa hapa Machi 2019, tufani ya Idai ilipoangusha nyumba zetu za udongo, tulinyamaza kidogo. Mama mmoja akaupapasa ukuta na kusema, "Yangu haikumaliza hata miaka miwili."

Mtembezaji akamsikia, akauliza alichosema. Tulipomtafsiria, alicheka kwa upole, akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Kumbe kuta hizi hazikubeba paa! Zilikuwa za kuzungushia tu. Ndani yake watu walilala kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, hata mfalme mwenyewe huku juu mlimani. Nyumba hizo zimekwisha zamani, kuta zimebaki. Watoto wetu, ambao shuleni huona haya kusema wanaishi nyumba ya udongo, walitazamana. "Mfalme?" aliuliza mmoja. Ndiyo, mfalme.

Tena tuliuliza habari ya ngome, maana ndivyo tulivyoambiwa tangu mwanzo. Wachunguzi wa siku hizi wanasema kuta hizi hazikuwa hasa za vita. Zilionyesha heshima ya mtawala na kuficha mambo yake. Sisi tunaojua ukuta na uzio kuwa kitu cha hofu, habari hiyo ilitufurahisha.

Halafu mtoto wa darasa la tano akauliza: "Sasa, ni banani balijenga? Wazungu?" Tusimlaumu, maana swali hilo liliharibiwa na watu wazima. Mjerumani Carl Mauch alipofika mwaka 1871 alidhani ni kazi ya Malkia wa Sheba. Baadaye watawala wa kikoloni hawakutaka kusikia kwamba Waafrika walijenga. Lakini mwaka 1929 mtaalamu Gertrude Caton-Thompson alichimba na kuandika wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Ni wazee wa Washona. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ikachukua jina la mahali hapa, na ndege wa mawe aliyepatikana hapa yuko kwenye bendera. Zimbabwe maana yake ni nyumba za mawe, dzimba dza mabwe. Waluba waliokuwa nasi walipiga makofi, maana kwao pia mawe ni mabwe!

Jambo la mwisho. Hapa ilipatikana sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14. Dhahabu ilishuka kutoka huku hadi Sofala, ikapanda pwani hadi Kilwa. Shanga na vyombo vya China vikarudi. Kwa hiyo watu wa Waswahili walifanya biashara na mji huu karne nyingi kabla yetu. Sisi tulidhani Kiswahili kimefika nchi hii kwenye mabegi yetu.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, magoti yanatetemeka. Mzee wetu alishuka wa mwisho, akiwa ameshikwa na vijana wawili.

Kwa watakaokwenda safari nyingine: vaeni viatu vilivyofungwa, si kandambili. Bebeni maji ya kutosha. Msipande juu ya kuta wala kuchukua hata kijiwe, maana kila kimoja kinashikilia kingine. Na wazee msiwaache chini.