Gogo Moja, Hesabu Mbili

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu zoezi lisilohitaji vitabu vingi. Wachukue takwimu za nchi iliyouza mbao nje, kisha za nchi iliyozinunua, za mwaka uleule, waziweke sambamba. Kwa kuwa gogo halizai likiwa baharini, hesabu hizo zilipaswa kukaribiana, ukiacha tofauti za nauli, bima na shehena iliyokuwa njiani mwaka ulipofungwa. Wanafunzi hurudi wakidhani wamekosea kujumlisha.

Hawakukosea. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa kuhusu uvunaji wa miti kusini mwa Tanzania. Ilibainika kwamba forodha ya China ilikuwa imeandika mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe ilikiri kuziuza huko. Ndani ya nchi nako, hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa hayakukusanywa. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, na nikiwa mwanafunzi nimelala Ndundu zaidi ya usiku mmoja nikisubiri pantoni. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila barabara haiulizi nani anapita. Malori ya magogo yaliliona daraja kabla ya zahanati zetu kupata dawa.

Biashara hii si ngeni kwetu. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, katika Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa mbao zilizotoka nchi ya Zanj. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi na kurejea na kusi yakiwa na boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu. Huko Kuwait na Bahrain, kama kwetu pwani, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti: fundi hakuweza kupanua zaidi ya pale mti ulipoishia. Boriti zilihesabiwa kwa korja, yaani vipande ishirini, na zilipangwa kwa unene, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo. Sidai kwamba mkataji aliyesimama kwenye tope hadi magotini alilipwa alichostahili. Nasema tu kwamba mkataji, nahodha na mwenye ghala walizungumza korja ileile, wakiitazama ufukweni. Kenya ilipofunga usafirishaji wa mikoko nje mwaka 1982, saruji na chuma vilikuwa vimekwisha kuishika Ghuba.

Kilichobadilika baadaye ni umbali kati ya anayehesabu na kinachohesabiwa. Thailand ilipiga marufuku uvunaji katika misitu yake ya asili mwaka 1989, baada ya mafuriko. Shoka likahamia Burma, Laos na Kambodia. China nayo, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998, ililinda misitu yake ya asili huku viwanda vyake vya samani vikizidi kukua. Siwalaumu kwa kuhifadhi misitu yao. Lakini marufuku ya nchi moja, pasipo kupunguza matumizi, ni oda iliyotumwa kwa nchi nyingine, na mara nyingi hutumwa kule ambako mlinzi wa msitu hana hata pikipiki.

Mpingo unanifundisha zaidi. Ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, na ndio unaotengenezewa klarineti na oboe za okestra za Ulaya. Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo, Dalbergia, iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, hasa kwa sababu ya uchu wa samani za mbao nyekundu. Wanamuziki na watengenezaji wa ala walilalamika kwamba vibali vinawakwaza safarini. Agosti 2019, katika mkutano wa Geneva, ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa. Lalamiko lao lilikuwa la haki. Nakumbusha tu kwamba lilichukua chini ya miaka mitatu kusikilizwa, kwa sababu lilikuwa na wasemaji.

Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilichagua njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu ulio katika ardhi yake; mwaka 2009 vijiji hivyo vikapata cheti cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, si cheti chenyewe. Ni kwamba wanakijiji huupima mti ungali umesimama, wakajua wanauza nini kabla mnunuzi hajawaambia.

Bandarini ujuzi huo hupotea. Katika orodha ya kimataifa ya forodha, magogo ni 4403 na mbao zilizopasuliwa ni 4407. Mtiki una kifungu chake. Mpingo na mninga huishia katika kapu la "nyinginezo". Hakuna kinachotuzuia kuongeza tarakimu zetu za kitaifa kwa kila mti, wala kinachowazuia Wakala wa Huduma za Misitu na mamlaka ya forodha kuchapisha, kila robo mwaka, mauzo yetu yakiwa ubavuni mwa manunuzi yaliyoandikwa na China, India au Vietnam. Takwimu za wanunuzi ziko wazi kwa yeyote; wanafunzi wa mwaka wa pili wanazipata kwa jioni moja. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua ni meza ipi jedwali hilo lingetoka, na mnajua nani angepaswa kulitia saini.