Kwa Neema, kuhusu ndege wa bustanini kwako

Mwanangu Neema,

Nimefurahi kusikia mmepata nyumba yenye bustani huko Brisbane. Umeandika kwamba ndege wa kijivu wanamwandama paka wako, na unataka kuwafukuza kwa kuwa ni wavamizi kama kunguru wa Dar. La, mwanangu. Kunguru wale asili yao ni India. Hawa ni wenyeji wa mashariki ya Australia tangu zama na zama, na sheria inawalinda.

Wengi huwachanganya na maina wa India, ambaye kweli aliletwa huku. Huyo ni wa kahawia. Wako ni wa kijivu, ana kichwa cheusi, mdomo wa njano na baka la njano nyuma ya jicho. Anaitwa noizi maina, wa jamii ya ndege wafyonza mbochi. Ncha ya ulimi wake imechanika nyuzinyuzi, ndiyo anayolambia utamu wa maua, ingawa wadudu nao hawaachi.

Kabla hujawachukia, wasikilize. Paka akipita watatoa mlio mzito wa kukwaruza, wakiurudia mpaka aondoke. Mwewe akitokea angani, utasikia mluzi mwembamba, na wote wanajificha. Jike hujenga kiota na kuatamia peke yake, lakini makinda yakianguliwa huja madume wengi kuyalisha, hata wasio baba zao. Mimi huwapenda kwa hilo.

Ubaya wao ni kwamba hawavumilii jirani. Kundi zima humshukia ndege yeyote anayeingia eneo lao, na hata koala, ambaye anakula majani tu, hapumzishwi. Wanaoumia zaidi ni vijindege wadogo, kama yule wa buluu mwenye mkia uliosimama wima. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2014 serikali ya Australia iliuorodhesha ukali wao miongoni mwa matishio makubwa kwa viumbe wa nchi hii.

Lakini nguvu hiyo tumewapa sisi. Wanapenda mikaratusi iliyoachana, chini peupe, na hivyo ndivyo misitu ilivyofyekwa. Kisha tukapanda ukoka, na migrivea ya vichaka yenye maua makubwa mwaka mzima. (Ni ndugu wa ule mgrivea unaotia kivuli kahawa ya babu yako kule Moshi, nao ulitoka huku.) Maua hayo ni mezani pao, na wanayalinda. Kuwaondoa kwa nguvu mara nyingi hakusaidii: wengine wa jirani huja kujaza nafasi.

Kwa hiyo usimwage mkate nje, na paka abaki ndani. Punguza ukoka kwenye ile kona ya ua uliyoniambia, upande vichaka vya kienyeji vyenye miiba, vibanane tangu chini hadi kimo chako: hakea, na basaria yenye maua meupe madogo. Humo kijindege hupenya, na noizi maina hapendi kumfuata. Itachukua miaka, vichaka havikui upesi. Aprili tukija kwa mjomba wako nitaleta miche, maana wakati huo jua limepungua na mizizi hushika vizuri. Mashimo uyachimbe mapema, na unipimie urefu wa ile kona nijue idadi ya kununua.

Wasalimie wote.

Shangazi yako